Ushahidi wa Kicheko: Italia na Filamu ya Talaka

Filamu ya vichekesho ni hadithi ya kutungwa, lakini inaweza kusema kweli kuhusu taifa. Mzaha ukishaelezwa hauchekeshi tena. Anayecheka huwa anaijua tayari kanuni inayochezewa. Kwa hiyo kicheko huhifadhi yale ambayo jamii iliyaona ya kawaida mno hata haikujishughulisha kuyaandika.

Divorzio all'italiana ya Pietro Germi, iliyotoka mwaka 1961, inalithibitisha hilo vizuri. Wakati huo Italia haikuwa na sheria ya talaka. Hata hivyo, kifungu cha 587 cha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 kilisema kwamba mtu aliyegundua ugoni wa mwenzi wake wa ndoa, akamuua kwa hasira ya kuvunjiwa heshima, atafungwa miaka 3 hadi 7. Nafuu hiyo ilimhusu pia aliyemuua binti au dada yake. Katika filamu, Fefè Cefalù, kabaila wa Sicily anayeigizwa na Marcello Mastroianni, anamtamani binamu yake Angela, ambaye bado ni msichana mdogo. Kumwacha mkewe Rosalia hawezi. Anaamua kumtafutia mwanamume, ili awafumanie na kumuua.

Fefè anahudhuria kesi ya mwanamke aliyeua kwa sababu ya heshima, na maneno ya wakili yanamkaa kichwani. Tangu hapo, kila anapopanga hatua moja ya mauaji, anaisikia sauti ya wakili yule ikimtetea yeye. Utetezi unatungwa kabla ya kosa. Sheria ilizungumzia hasira. Kamera inaonyesha subira. Rosalia anapotoroka na mpenzi wake, barua zisizo na majina zinamiminika kumdhihaki mume, naye anazihitaji, maana aibu ya mbele za watu ndiyo itakayomwokoa mahakamani. Nakala ya sheria peke yake isingeweza kuonyesha jinsi mji mzima ulivyoshiriki.

Swali gumu zaidi ni la kimaadili. Rosalia amepewa kimasharubu na mapenzi ya kung'ang'ania. Fefè anamwona kwa mawazo akizama katika pipa la sabuni linalochemka, na ukumbi unacheka. Mtazamaji amekwisha kumchoka mwanamke asiye na kosa lolote, kama mumewe alivyomchoka. Hapo ndipo filamu inapouma, kwa kuwa inamwonyesha mtu mwema jinsi ilivyo rahisi kukubali.

Ushahidi huu una kasoro yake. Germi alikuwa mtu wa Genoa, na watazamaji wa kaskazini waliweza kuicheka Sicily kama nchi ya mbali, ilhali kifungu cha 587 kilitumika Milano sawasawa na Palermo. Mwanahistoria hana budi kuuliza pia nani anachekwa, na nani anapona kwa kucheka.

Mwaka 1964 Germi aliigeukia kanuni nyingine katika Sedotta e abbandonata: kifungu cha 544, kilichomsamehe mbakaji akimwoa aliyembaka. Mwishoni mwa mwaka 1965 Franca Viola wa Alcamo, Sicily, alitekwa na kubakwa, akakataa ndoa hiyo hadharani, na mtekaji akafungwa. Talaka iliruhusiwa mwaka 1970, na katika kura ya maoni ya mwaka 1974 takriban asilimia 59 ya wapiga kura waliitetea. Vifungu vyote viwili vilifutwa mwaka 1981, na sheria moja.