PAA LA MWENYE KUSOMA: NI BIDHAA AU NI AMANA?

Miongoni mwa mambo ambayo watu huyaona madogo na hali ni makubwa, ni hili la mwanafunzi kupata mahali pa kulala. Mtoto akiitwa chuoni, wazee huhesabu karo, nauli, nguo na vitabu, ama nyumba, husema, "Ataipata huko huko." Twataka kuliuliza suala ambalo kauli hiyo hulipita: mwenye nyumba iliyo karibu na chuo, ana wajibu gani kwa mgeni anayekuja kutafuta elimu? Je, chumba chake ni bidhaa kama bidhaa nyengine, ampe amtakaye kwa bei aitakayo, au imo haki ya mwanafunzi ndani yake?

Na tuchukue mfano ulio mbali na sisi, ili tuutazame bila ya upendeleo, kisha turejee nyumbani.

Masimba ni mji mdogo wa soko katika Masaba Kusini, nchi ya Wagusii, si mbali na Keroka uliopo mpakani mwa Kisii na Nyamira. Ni nchi ya milima, ya mvua na baridi, ya chai na migomba. Nayo ni nchi ya watu wengi. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860, nao ni wengi kuliko watu wa Mombasa, waliokuwa 1,208,333. Ardhi huko imegawanywa baina ya watoto na wajukuu hata imekuwa vipande vyembamba, na mwenye kipande kilicho karibu na barabara au karibu na chuo huona kuwa kujenga ploti ya vyumba vya kupangisha kuna faida kuliko kupanda mahindi. Si aibu hiyo. Ni riziki ya halali.

Sasa mji wa Kisii una hospitali kubwa iliyoanza mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya kwanza. Kina tawi la Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, na kina Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kuwa chuo cha waalimu na kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Huko Tabaka, penye mawe laini ya kuchongwa, iko hospitali ya misheni yenye skuli ya wauguzi. Kila wanafunzi wapya wanapoingia, vijana huja na masanduku yao kutoka kila pembe ya Kenya. Vitanda vya hosteli havitoshi wote. Vyumba vilivyo karibu na lango huchukuliwa kwanza, tena kwa kodi ya juu. Anayechelewa husogea Nyanchwa, Mwembe, Jogoo au Daraja Mbili. Na mwenye kushindwa na kodi za mjini huenda akatazama mbali zaidi, Keroka au Masimba, ambako chumba ni rahisi lakini kila siku ni nauli ya matatu kwenda na kurudi.

Mtu atasema, "Wanafunzi wote wana taabu hiyo, kwa nini kumtaja muuguzi?" Jawabu ni kuwa mwanafunzi wa uuguzi hasomi darasani peke yake. Husoma wodini, na wodi haina usiku wala mchana. Leo ataingia alfajiri, juma lijalo ataingia magharibi na kutoka asubuhi. Akikaa mbali, atatembea gizani au atangoje gari lisilokuja. Akikaa penye mwenye nyumba anayefunga lango saa nne za usiku, atalala nje. Akikaa penye kelele za mchana, hatalala kabisa, kisha usiku atashika sindano na dawa za watu wagonjwa. Wako vilevile wauguzi wa cheti wanaorudi kusoma ili wafikie diploma kwa muda mfupi kuliko ile miaka mitatu ya mwanafunzi mpya. Ni kwa ajili ya watu kama hao ndipo mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walipoanzisha masomo ya kompyuta, wapate kusoma bila ya kuacha kazi. Mtu wa masomo ya haraka hana juma la kupoteza. Akizunguka na dalali siku kumi kutafuta chumba, zile siku kumi zimeondoka katika elimu yake, wala hakuna atakayemrejeshea. Na hasara hiyo haishii kwake, bali humfikia mgonjwa asiyejua kuwa aliyemshika mkono hakupata usingizi.

Hayo waliyafahamu waliotangulia. Florence Nightingale alipofungua skuli yake ya wauguzi London mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', aliwapa wanafunzi malazi humo humo hospitalini, chini ya uangalizi. Hakuyaona malazi kuwa ni jambo la pembeni, bali aliyahesabu katika mafunzo yenyewe. Na sisi Waislamu tulikuwa na hilo kabla yake kwa karne nyingi. Katika msikiti wa Mtume, Madina, palikuwa na Suffa, mahali palipoezekwa kwa ajili ya wasio na nyumba, na wengi wao walikuwa ni watu wa kujifunza. Al-Azhar ya Misri, iliyojengwa katika karne ya kumi ya Miladi, ilikuwa na riwaki za wageni, kila watu na riwaki yao, na watu wa Pembe ya Afrika wakiwa na riwaki ya Jabarti. Hapa petu Lamu, Riyadha ya Habib Swaleh, ambaye mwenyewe alikuwa mgeni aliyetoka Ngazija, ilipokea wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Hapana hata pamoja katika hizo ambapo mwanafunzi aliambiwa, "Soma hapa, na kulala utajua mwenyewe."

Sasa tumsikilize mwenye nyumba, kwani si uadilifu kumhukumu kabla ya kumsikia. Husema: "Nimejenga kwa mkopo, na benki haipokei dua. Wanafunzi huhama usiku na kodi ya miezi miwili shingoni. Huvunja, huchafua, hupiga muziki. Mali ni yangu. Kwa nini nibebe mimi mzigo wa serikali na wa chuo?" Katika maneno hayo imo haki. Mwenye nyumba ana haki ya kodi inayomlipa jasho lake, ana haki ya amana ya kutengenezea kilichovunjwa, na ana haki ya kuweka masharti ya utulivu na usafi. Mwanafunzi anayehama usiku bila ya kulipa amedhulumu, na elimu yake haimtoi katika dhulma hiyo. Tena amemfungia mlango mwanafunzi atakayekuja baada yake.

Lakini neno "mali ni yangu" halimalizi shauri. Mnunuzi wa kanzu akiona ghali huondoka, na asubuhi yake huwa ile ile. Mwenye kutafuta pa kulala hawezi kuondoka, kwa sababu usiku utaingia apatane au asipatane. Patano lililofanywa na mtu asiye na njia nyengine lina sura ya ridhaa, na ndani yake mna kulazimishwa. Kwa sababu hiyo sharia ilikataza ihtikari, yaani kuzuia kitu ambacho watu hawana budi nacho ili kipande bei. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliihusisha na vyakula. Ama Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliipeleka katika kila kitu ambacho kukizuia huwadhuru watu. Hatusemi kuwa kodi ya chumba ni ihtikari. Hukumu hiyo ina wenyewe. Twasema tu kwamba maana iliyowafanya wazielekeze hukumu zao kwa muuza nafaka, ambayo ni dhiki ya mnunuzi, ipo pia mlangoni pa chuo siku ya kuingia wanafunzi wapya.

Basi yako matatu ambayo mwenye nyumba hana haki nayo, hata nyumba iwe yake tangu msingi hadi paa. La kwanza, kupokea pesa za chumba kimoja kwa watu wawili, au dalali kuchukua ada ya kuonyesha chumba asichokuwa nacho. Huo ni wizi uliovaa nguo za biashara. La pili, kupandisha kodi katikati ya muhula, akijua kuwa mwanafunzi yumo katikati ya mitihani na hawezi kuhama. La tatu, kumkataa mtu kwa kabila lake, kwa dini yake au kwa mtandio wake. Hata sheria ya nchi imeyagusa hayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imehesabu makazi ya kufaa kuwa ni haki. Na kifungu cha 27 kimekataza ubaguzi wa dini, wa asili na hata wa mavazi, kikamkataza mtu binafsi kama kilivyoikataza serikali. Lakini sheria hufika pale penye shahidi, na mlango unaofungwa kwa maneno matamu ya "chumba kimeshachukuliwa" hauna shahidi. Hapo hubaki dhamiri.

Wako miongoni mwetu watakaosema, "Yote haya dawa yake ni moja: binti asiende." Kutoka Mombasa hadi Kisii ni zaidi ya kilomita 700, nyumba hatuijui, jirani hatumjui, akae nyumbani. Twaifahamu hofu ya mzazi, na hofu hiyo haidharauliwi. Lakini tuwe wakweli. Mke wa mtu akishikwa na uchungu, tunamtaka muuguzi mwanamke, tena mwenye stara na mwenye kuifahamu lugha yetu. Atatoka wapi, ikiwa kila baba amesema wa kwake asiende? Rufaida al-Aslamiya alipigiwa hema katika msikiti wa Madina akiwatibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki alipelekwa kwake. Hakuambiwa kazi hii si yako. Alipewa mahali pa kuifanyia. Basi asiyetaka binti apange ovyo, na asimame yeye kumtafutia pa kupanga. Kisii kuna msikiti, na kuna jamaa za Kinubi waliokaa huko tangu siku za ukoloni. Ni watu wangapi kati yetu waliowahi kuandika barua moja au kupiga simu moja huko kabla ya mtoto kupanda basi?

Na sasa turejee nyumbani, kwani huko ndiko tulikokuwa tukielekea. Mombasa kuna tawi la Chuo kile kile cha Utabibu, na Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka ule ule wa 2013. Binti wa Masimba naye huja kwetu na sanduku lake, hajui Kisauni wala Majengo, ana barua ya chuo mkononi na joto limemshinda. Hubisha mlango. Huyo ndiye mizani yetu. Anayelalamika kuwa binti yake amekataliwa chumba huko kwa ajili ya mtandio, kisha yeye hapa akasema "sipangishi watu wa bara", hana lalamiko, ameshajihukumu. Nasi sote twajua kuwa kauli hiyo husemwa, tena mchana.

Yatupasa nini? Kwanza, kila mwenye vyumba karibu na chuo atenge japo kimoja, akipangishe kwa kodi ya wastani kwa mwenye kusomea kuwahudumia wagonjwa, na aandike mkataba na risiti. Pili, kamati za misikiti ziweke daftari la nyumba za kuaminika, za kwetu na za miji mingine, ili mzazi asimtegemee dalali. Tatu, wenye uwezo wafikirie wakfu. Zipo nyumba za wakfu pwani hii ambazo leo ni maduka, na hapana ubaya katika duka; lakini nyumba moja iliyowekewa wanafunzi wa uuguzi, wawe wa Lamu au wa Masimba, itakuwa sadaka inayoendelea kila usiku wanapolala wakaamka na nguvu za kushika zamu.

Tuliuliza: paa la mwenye kusoma ni bidhaa au ni amana? Twaona ni yote mawili. Kodi yake ni bidhaa, na mwenyewe aipokee bila ya kuona haya. Lakini mtu aliyelala chini yake ni amana ya wazazi walio mbali, na amana huulizwa. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.