Karani Alipwe kwa Mizani Gani?

Sokoni kila kitu kina kipimo chake. Mihogo hupimwa kwa debe, mafuta ya mawese kwa chupa, jibini ya Masisi kwa uzito wake. Lakini kazi ya karani wa serikali haipandi juu ya mizani ya soko. Yeye huandika majina ya watoto waliozaliwa, hupokea ushuru, hutunza hati za mashamba. Nani ajuaye bei ya jina lililoandikwa sawasawa? Basi yafaa kuuliza: mtumishi wa watu alipwe kiasi gani ili haki itimizwe, kwake yeye na kwa wale wanaomlipa?

Swali hili si la watu wa mjini peke yao. Katika Masisi zimo sheferi za Bahunde na Bashali, na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Katika Walikale zimo sekta za Wanianga na Bakano. Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilizipa sheferi na sekta, kama ilivyoipa miji, madaraka ya kuwa na hazina zao wenyewe. Kwa hiyo mtumishi wa sekta ya mwituni na mtumishi wa mji wa Goma hula kutoka chungu cha namna moja, nacho hujazwa na kodi na ushuru wa watu.

Wako wanaojibu hivi: alipwe kama wengine wanavyolipa. Hoja yao ina nguvu. Huko Walikale kuna mgodi wa bati wa Bisie, ambao kampuni yake ilianza kutoa bati mwaka 2019. Katika Goma kuna mashirika ya misaada yenye magari na ofisi. Kijana ajuaye kuandika na kuhesabu akiona kwamba dereva wa shirika hupata kuliko karani wa sekta, atabaki ofisini kwa sababu gani? Ataondoka, na daftari za watu zitaachwa mikononi mwa wasiojua kuzitunza. Ndiyo maana serikali nyingi huchunguza kwanza malipo ya waajiri wengine, kisha huweka kwa kila kazi mpaka wa chini na mpaka wa juu wa mshahara, na ngazi katikati yake. Katika Kenya, katiba ya mwaka 2010 iliunda tume ya mishahara, na kuiagiza itazame mambo manne: kwamba hazina yaweza kuubeba mzigo; kwamba serikali yaweza kuwavuta na kuwaweka watu wenye ujuzi; kwamba bidii inatambuliwa; na kwamba mambo yanafanywa wazi na kwa haki.

Lakini mizani ya soko haitoshi. Kampuni hulipa kwa bati. Sekta hulipa kwa ushuru wa mama aliyebeba kikapu cha mihogo kutoka alfajiri. Kama karani akitaka bei ya mgodi, ni kikapu cha nani kitakachopunguzwa? Tena soko halimwulizi mfanyakazi kama watoto wake wamekula. Wenye njaa wakiwa wengi, soko husema ujira ushuke, nao hushuka.

Wengine hujibu: alipwe kwa kadiri ya mahitaji yake. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya tajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Yapasa umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi aishi kama mtu. Mwaka 1931 Papa Pius XI alieleza kwamba familia ya mfanyakazi ihesabiwe, kisha hali ya kampuni inayomwajiri, kisha mafaa ya watu wote. Hapo msomaji aone vema: Papa hakuitaja familia peke yake. Ujira ukipita nguvu za hazina, hazina hufa, na ujira hufa pamoja nayo.

Watu wa tatu hujibu: kazi moja, malipo mamoja. Kongo ilijifunza neno hili kwa uchungu. Wakati wa Wabelgiji, Mzungu na Mwafrika waliandikwa katika sheria mbalimbali za kazi. Sheria moja ya watumishi ilitolewa mwaka 1959 tu, na uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Waafrika waliofika ngazi za juu walihesabika kwa vidole. Siku chache baadaye askari waliasi, na cheo na mshahara vilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Hata leo jambo hili halijakwisha. Mshahara wa msingi wa mtumishi wa Kongo ni mdogo, na juu yake huwekwa marupurupu yasiyo sawa. Watu wawili wa cheo kimoja, mmoja katika ofisi inayokusanya fedha, mwingine katika ofisi isiyokusanya kitu, hawaendi nyumbani na mfuko mmoja.

Basi mizani ya haki ni ipi? Ni zote tatu pamoja, kila moja mahali pake. Mpaka wa chini uwekwe na mahitaji ya nyumba: usishuke pale ambapo mtu hawezi kuishi bila kuiba. Ngazi zipangwe kwa kulinganisha kazi na kazi, na mwajiri na mwajiri, ili wenye ujuzi wasikimbie wala wenzi wasioneane kijicho. Mpaka wa juu uwekwe na kikapu cha maskini anayelipa. Na orodha yote ibandikwe ukutani, kwa maana mshahara uliofichwa huzaa mashaka hata ukiwa wa haki.

Tena ulipwe. Katika shule na ofisi za Kongo wako waliofanya kazi miaka bila majina yao kuingizwa katika orodha ya malipo. Na Januari 2025, Goma ilipotekwa na wapiganaji wa M23, benki za mji zilifungwa. Waliopokea mshahara kwa njia ya benki wakabaki na haki iliyoandikwa lakini isiyofika mkononi.

Hapa linatokea swali gumu kuliko yote.

Swali: Karani asiyelipwa, je, ana ruhusa kumtoza mjane fedha kwa kazi iliyo bure?

Jibu: Hana. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 yataka mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Karani akimdai mjane, humtoza deni mtu asiye na deni naye. Anayedaiwa ni serikali, mjane hadaiwi. Njaa hupunguza hatia ya mtu, lakini haihamishi deni kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Watu huita desturi hii "Ibara ya 15", maana yake kila mtu ajitafutie mwenyewe. Lakini mwenye kujitafutia kwa aliye maskini kuliko yeye hajajitafutia, amenyang'anya. Ndiyo maana Yohane Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini, aliwakataza kuwaonea watu, akawaambia waridhike na mshahara wao.

Mtu aweza kusema: mbona wazazi waliwalipa walimu? Ni kweli, tangu miaka ya 1990 wazazi walichanga fedha za walimu, hata serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure mwaka 2019. Mchango ule uliwafungia mlango watoto wengi wa maskini, na hilo lilikuwa baya. Lakini kiasi chake kilijadiliwa mbele ya wazazi na kujulikana na wote. Rushwa hainenwi mbele ya watu. Hutajwa kwa sauti ya chini, na bei yake hupanda kwa kadiri ya unyonge wa mwombaji.

Lakini anayemkemea karani asimsahau mwajiri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkubwa anayejipangia mshahara mnono na kumwacha karani bila kitu amemwekea mwenzake kikwazo, naye atatoa hesabu ya kikwazo hicho. Na raia naye ana wajibu: alipe ushuru wake, adai stakabadhi, na kuuliza barazani fedha za sekta zimekwenda wapi. Kwa maana yeye ndiye mlipaji wa karani, na mlipaji asiyeuliza hesabu humwachia mwingine kuchagua mizani.