Kura Moja ya Chake Chake

Januari 1961, katika uchaguzi wa Zanzibar, chama cha Afro-Shirazi, ASP, kilishinda jimbo la Chake Chake, Pemba, kwa kura 1. ASP ilimaliza na viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. Wabunge wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP na mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11. Serikali ikashindwa kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na watu 68 wakauawa katika ghasia.

Kura ile hainitoki akilini. Je, Chake Chake ililala na makundi mawili usiku wa kuamkia uchaguzi? Walilala wachumaji wa karafuu, wavuvi, wenye madeni, wenye harusi wiki ijayo, kila mmoja na haja zake. Uwili waliupata kwenye kuhesabiwa. Jimbo moja likitoa kiti kimoja, na aliyezidi kwa kura 1 akachukua chote, wa tatu hana pa kusimama. Ndiyo maana ZPPP ililazimika kuegemea upande. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP wakashika serikali, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakawaondoa.

Baada ya miaka ya chama kimoja, vyama vingi viliporudi, uwili ukarudi navyo. Mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad wa CUF, 49.8. Nusu ya nchi ikaambiwa imeshindwa. Matokeo yake yakaonekana mitaani: duka la mtu wa chama kingine halikununuliwa kitu, harusi yake haikuhudhuriwa, na, Mungu atusamehe, wapo walioacha kuzikana. Kwangu mimi hapo siasa ilivuka mpaka wake, kwa sababu jeneza halina chama.

Anayeshindwa akiwa na nusu ya watu ni sehemu ya dola, na dola isiyompa nafasi imejikata mkono. Wazanzibari walilikubali hilo kwa kura ya maoni ya Julai 2010, kwa asilimia 66.4, na Katiba ikakipa chama cha pili nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Utaratibu huo ulivunjika 2016, ukarejea Desemba 2020.

Seif Sharif Hamad, Maalim Seif, alifariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa katika nafasi hiyo. Rais Hussein Mwinyi wa CCM alitangaza siku 7 za maombolezo, na Maalim akazikwa kwao Mtambwe, Pemba.