Sungura wa Pasaka na deni la mtu

Wajerumani wa zamani waliwaambia watoto kwamba sungura huleta mayai ya Pasaka, na desturi hiyo ikaenea hata Australia. Si fundisho la Kanisa; Pasaka yetu ni Mwana-Kondoo.

Mwaka 1859 Thomas Austin, Mwingereza aliyekaa Victoria, alileta sungura wapatao 24 ili apate kuwawinda. Wakazaana mno, wakala majani ya nchi. Huko yuko mnyama mwenyeji aitwaye bilbi, mwenye masikio marefu, achimbaye shimo na kutoka usiku. Sungura walimnyang'anya chakula na mashimo. Mbweha na paka, walioletwa pia na wageni, wakamla. Bilbi mdogo amekwisha kabisa duniani.

Je, nani mwenye hatia? Sungura hana: alikula kama alivyoumbwa. Austin naye hakukusudia ubaya huo. Lakini hatia na deni ni vitu viwili. Aliyechoma shamba la jirani bila kujua hulilipa.

Basi Waaustralia wengine hununua bilbi wa chokoleti badala ya sungura, na baadhi ya wauzaji hutoa sehemu ya fedha kuwalinda bilbi wakubwa, ambao wangali hai jangwani na ndani ya nyua za waya.