TAFAKURI YA RAMADHANI: NYUNDO NA NGUZO



Kwenye Bahari ya Kaskazini, Ulaya, mitambo ya umeme wa upepo husimama juu ya nguzo za chuma zenye kipenyo kinachoweza kuzidi mita 8. Nguzo hushindiliwa chini ya bahari kwa nyundo kubwa, mapigo maelfu. Ikimalizika, inaonekana nzima. Lakini wahandisi wanajua: kila pigo limekula kidogo umri wake, kabla mtambo haujawekwa juu. Ni kama waya wa kufungia nondo. Kunja, kunjua, kunja, kunjua, mara unakatika. Si ule mkunjo wa mwisho peke yake ulioukata.

Tujiulize: anayejenga huku anaharibu, nia njema inamtosha?

Mwezi huu watoto wetu wengi wanajifunza kufunga. Akichelewa madrasa, kofi. Akikosea herufi, kiboko na tusi juu. Tunasema, "Namjenga." Ni kweli, mtoto bila adabu hasimami, kama nguzo isiyoshindiliwa. Ila mhandisi huyahesabu mapigo yake, sisi je? Ufa utaonekana ukubwani, akishaukimbia msikiti, na lawama tutamtupia yeye.

Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume ﷺ miaka 10 tangu utotoni, hakuambiwa hata "ah!" Na tazama alivyosimama.

Leo kabla ya futari, pigo moja lizuie mkononi, na moja ulimini.

Allah atujaalie upole katika malezi. Aamin.