Injini Inayozimika Kwenye Ralanti

Tafakari ya wiki. Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Kuna lalamiko moja la wamotari wa Kisangani ambalo fundi analijua kabla hujamaliza kulisema. Pikipiki inakwenda vizuri, inabeba watu wawili na gunia la mchele juu yake, lakini ukifika njiapanda ukaachia gesi, inazimika. Ukipiga kiki inawaka, ukiachia tena, kimya. Ndiyo sababu pale soko kuu utamwona kijana anasubiri abiria huku mkono wake wa kulia hautulii, anazungusha gesi bila kwenda popote. Wapita njia hudhani ni maringo. Mara nyingine ni maringo kweli, lakini wengi wao wanaogopa tu kuzimikiwa. Enzi za toleka, zile teksi za baiskeli, hatukuwa na shida hiyo: baiskeli haina kabureta, na miguu ikichoka unashuka ukasukuma.

Majuzi nilikaa na fundi mmoja wa Mangobo akifungua kabureta ya Yamaha DT 125 ya zamani, zile ambazo misheni nyingi zilizitumia katika njia za msituni. Ilikuwa imelala stoo muda mrefu. Alifunga robine ya mafuta, akalegeza kola, akatoa kabureta nzima na kuipindua juu ya sahani ya bati. Alipoondoa bakuli la chini, ilitoka harufu kali ya esansi iliyolala. Ndani palikuwa na utando wa kahawia unaonata kidoleni, unga mweupe ulioanza kula metali, na tone la maji lililotulia peke yake chini kabisa, kwa maana maji ni mazito kuliko esansi. Hakushangaa. Esansi ya mji huu hupandishwa na mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, au huletwa kwa barabara kutoka mpakani upande wa mashariki, na kila inapomiminwa, kutoka pipa hadi bidoni, kutoka bidoni hadi chupa ya kadhafi, muuza esansi wa kando ya njia, inaokota kitu. Na mvua ya kwetu haina mwezi wa kupumzika.

Akapanga vipande kwenye kitambaa kwa utaratibu wa kuvitoa: boya, sindano yake, jikleri kubwa, yaani kile kishaba chenye tundu la kupitishia esansi, na mwisho kabisa, kutoka ndani ya kishimo chembamba ambacho bisibisi ya kawaida haiingii, jikleri ndogo ya ralanti, ule mzunguko wa polepole wa injini gesi ikiachiwa. Hii ndiyo niliyoiomba niishike. Ni kipande cha shaba kisichozidi ukucha, na tundu lake halifiki nusu milimita. Niliielekeza juani nikachungulia. Giza tupu.

Kanuni ambayo kabureta inaitumia alituachia Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano aliyeandika mwaka 1797 juu ya maji yanayopita mahali pembamba: yanakwenda mbio zaidi, na msukumo wake unapungua. Hewa nayo hufanya hivyo hivyo kwenye koo la kabureta, ndipo inapovuta esansi kutoka chini. (Venturi alikuwa padri. Nalisema kwa ajili ya wale wanaodhani sisi mapadri hatujui kitu isipokuwa uvumba.) Lakini jambo lenyewe ni hili. Ukifungua gesi, hewa nyingi inapita na jikleri kubwa inalisha injini. Ukiifunga, pale kooni hapana tena nguvu ya kuvuta esansi kutoka jikleri kubwa, na injini inaishi kwa kile kidogo kinachopita kwenye jikleri ndogo peke yake. Kwa hiyo jikleri ndogo inaweza kuziba hata mwaka mzima na mwenye pikipiki asijue, maadamu anakwenda mbio.

Sasa mwangalieni nabii Elia. Kwenye mlima Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, akashinda, kisha akakimbia kwa miguu mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Gesi yote wazi. Ukurasa unaofuata, ujumbe mmoja tu wa vitisho wa malkia Yezebeli unamfanya akimbie, amwache mtumishi wake Beer-Sheba, aingie jangwani, aketi chini ya mretemu na kuomba afe. Wahubiri wengi tunakwenda haraka kutoka Karmeli hadi mlima Horebu, kwa sababu pale katikati panatuaibisha. Nabii amezimika. Wala hakuzimika vitani. Alizimika vita vilipokwisha na kila kitu kikanyamaza.

Nimeona hivyo katika nyumba zetu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mama amefiwa na mume. Siku za matanga yuko wima: anapokea wageni, anauliza kama wazee wa Lubunga waliovuka mto wamepata chakula, anawapangia vijana mahali pa kulala. Watu wanasema, huyu mama ana imani. Miezi mitatu baadaye viti vimerudishwa, turubai limekunjwa, na yeye hawezi kuamka asubuhi. Au kiongozi wa kwaya anayewaka Jumapili kutoka Misa ya kwanza hadi mkutano wa saa nane, halafu nyumbani, taa ikizimwa, hawezi kukaa dakika kumi na mkewe bila kutafuta simu. Hao si wanafiki, na nawaomba sana tuache neno hilo. Sehemu inayowalisha wakati wa mwendo ni nzima. Iliyoziba ni ile nyingine.

Fundi alinionyesha namna watu wanavyokwepa kazi hii ya kusafisha jikleri ndogo. Wengine wanakaza skrubu ya ralanti ili injini izunguke juu muda wote. Wengine wanaendesha na starta, ile ya kuwashia injini baridi, imevutwa kutwa nzima. Pikipiki haizimiki tena, lakini inakunywa esansi zaidi, plagi inajaa masizi, na ugonjwa uko pale pale. Nasi tunalo la kwetu: mtu amechoka rohoni, tunampa kamati nyingine. Parokia hii ina kamati za kutosha.

Kisha kuna waya. Msaidizi wa fundi, kijana mdogo, alichukua kipande cha waya wa breki akataka kuzibua tundu. Mzee alimshika mkono kwa ukali ambao sikuutarajia. Shaba ni laini, akamwambia, waya utalikwangua tundu, litapanuka, na tundu likishapanuka hakuna wa kulirudisha. Namba ya kipimo cha tundu iliyochongwa pale ubavuni itakuwa ya uongo. Akaitumbukiza jikleri kwenye esansi safi, akawasha sigara mbali kule nje ya kibanda, akaivuta mpaka mwisho. Ndipo akachukua pampu ya baiskeli akaipuliza jikleri, akaiangalia, akairudisha ndani, akapuliza tena.

Mimi nilikuwa nikifikiria sauti zetu za kichungaji. "Mama, mbona siku hizi hatukuoni kwaya?" "Imani yako iko wapi?" "Ayubu aliteseka kuliko wewe." Yote ni waya wa breki. Lakini tazama malaika alivyomfanyia Elia. Hakuna hotuba. Mkate uliookwa juu ya makaa, gudulia la maji, na usingizi. Akaamshwa, akala, akaachwa alale tena, akaamshwa mara ya pili. Ni baada ya hapo, na baada ya siku 40 za safari hadi Horebu, ndipo Mungu alipomuuliza anafanya nini pale. Na baada ya upepo, tetemeko na moto, ndipo ikaja ile sauti ndogo. Hata majibu hayakuwa kemeo: wako 7,000 ambao hawajapiga goti, na yuko Elisha atakayekuwa nabii mahali pako. Kosa la hesabu za Elia, aliyedhani amebaki peke yake, lilisahihishwa mwishoni, tumbo likiwa limeshiba.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba viongozi wa mashirika jambo moja. Angalieni ni nyumba zipi za shirika lenu zilikuwa na matanga miezi mitatu au minne iliyopita. Chagueni moja. Wawili waende na sombe na samaki, jioni, wakae muda mrefu kuliko ilivyo desturi, na wasimuulize mtu kuhusu kwaya. Mama akitaka kunyamaza, nyamazeni naye. Rudini tena baada ya siku chache na chakula kingine. Na daftari la michango libaki parokiani.