Amana na Umiliki: Suala la Kimaadili katika Ukusanyaji wa Filamu na Projekta

Makala haya yanachunguza suala la kimaadili linalowakabili watu binafsi ambao kwa miaka mingi wamekusanya filamu za mkanda pamoja na projekta za kuzionyeshea. Mwenye kumiliki nakala ya kazi ya sanaa ana wajibu gani kwa kazi hiyo, na ana wajibu gani kwa hadhira ambayo haijaiona bado? Swali hili limepata uzito mpya. Kizazi cha wakusanyaji waliozoea mkanda kinazeeka, na tasnia yenyewe imeupa mkanda kisogo: kampuni ya Fuji ilisimamisha utengenezaji wa mikanda ya kupigia na kuonyeshea sinema mwaka 2013, ilhali Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwezi wa Januari 2012.

Historia, kwa kiasi kikubwa, inawatetea wakusanyaji. Uchunguzi wa David Pierce, uliochapishwa mwaka 2013 kwa niaba ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ulionyesha kuwa kati ya filamu ndefu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa Marekani katika enzi ya sinema bubu, ni takriban asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika umbo lake la awali. Aghalabu waliozitupa ni wale wale waliozitengeneza, kwani sauti ilipoingia katika sinema, filamu bubu hazikuwa tena na soko. Kwa upande mwingine, filamu ya *Metropolis* ya Fritz Lang, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1927 na kukatwakatwa baadaye, ilipatikana ikiwa karibu kamili mjini Buenos Aires mwaka 2008. Nakala hiyo ya milimita 16 ilitokana na mkanda uliowahi kuwa mikononi mwa mhakiki na mkusanyaji, Manuel Peña Rodríguez.

Hata hivyo, utetezi huu una kasoro. Kwa muda mrefu kampuni za Marekani zilikodisha filamu zao bila kuziuza, na kwa mujibu wa sheria nakala nyingi za wakusanyaji hazikuwa na mwenyewe halali isipokuwa kampuni. Mwezi wa Desemba 1974 maafisa wa FBI waliingia nyumbani kwa mwigizaji Roddy McDowall na kuchukua mkusanyiko wake. Kujibu kwamba wakusanyaji waliokoa kazi bora hakutoshi. Mkusanyaji hakujua ni nakala ipi ingekuja kuwa ya mwisho duniani. Wengine walikusanya kwa upendo, wengine kwa fahari tu. Matokeo mema yaliyoletwa na bahati hayawezi kuhesabiwa kuwa wema wa mtu. Msingi wa wajibu wake hauna budi kutafutwa kwingine.

Nadharia ya fasihi simulizi inatoa mwanga hapa. Wahakiki wamekwisha kukubaliana kuwa ngano iliyonakiliwa kitabuni si ngano kamili, kwa kuwa uhai wake umo katika utendaji: fanani, hadhira na wakati wa kutambwa. Filamu ya mkanda ina hali inayokaribiana na hiyo. Miswada ambayo Muhamadi Kijuma wa Lamu aliinakili kwa mkono humtaka msomaji awe na macho na ujuzi wa hati ya Kiarabu. Mkanda uliomo ndani ya kopo hudai zaidi: mashine, taa, giza, watazamaji, na mtu anayejua kuupitisha mkanda katika projekta bila kuurarua. Mkusanyaji mwenye projekta nzima na mazoea ya kuwaalika wengine ni fanani wa aina fulani. Thamani yake imo katika kuonyesha kuliko katika kumiliki.

Pingamizi kubwa ni kwamba kuonyesha kunaharibu. Kila onyesho hukwaruza mkanda. Mgogoro huu uliwatenganisha watunzaji wawili wa mwanzo. Henri Langlois, mmoja wa waanzilishi wa Cinémathèque française mwaka 1936, aliamini kuwa filamu huhifadhiwa kwa kuonyeshwa. Ernest Lindgren wa Uingereza aliamini kuwa nakala ya kuhifadhiwa isiguswe na projekta kamwe. Kila mmoja alikuwa na haki katika eneo lake. Nakala pekee ya kazi ni amana ya watu wote, na haistahili kuhatarishwa kwa burudani ya jioni moja. Hiyo ndiyo inayofaa kunakiliwa kidijitali na kuwekwa mahali pa baridi na pakavu. Nakala ambayo zipo nyingine kama yake inapaswa kuonyeshwa. Kuificha hakuifanyi idumu milele, kwani mkanda wa asetati huoza wenyewe ukitoa harufu ya siki, na mvuke wake huambukiza mikanda jirani.

Kutokana na hoja hizi, wajibu wa mkusanyaji unaweza kubainishwa. Kwanza, aorodheshe alicho nacho, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na warithi wasiojua kilichomo ndani ya makopo hawawezi kulaumiwa kwa kuyatupa. Pili, afundishe mikono mingine kazi ya projekta angali hai, kwa sababu ujuzi huo haurithiwi pamoja na mashine. Tatu, aamue mapema ni nini kitakachokabidhiwa hifadhi na ni nini kitakachoendelea kuzunguka kwa watazamaji.

Wajibu huo hauishii kwake. Hifadhi nyingi hupokea nakala adimu na kuzikataa za kawaida, na uamuzi huo unaeleweka kwa kuwa nafasi na fedha ni haba. Lakini ikiwa nakala za kawaida pamoja na projekta zitaachwa ziishie jalalani, kitakachosalia ni picha bila utendaji wake. Vyuo vinavyofundisha kuwa utendaji ni sehemu ya maana ya kazi ya sanaa vina sababu, kwa mantiki ya mafundisho yao wenyewe, ya kuwa miongoni mwa warithi wa wakusanyaji hao.